Kivu ya Kusini: wazazi wana wasiwasi juu ya madarasa yenye kuchanganya miaka miwili na kujaa watoto

Katika shule nyingi za msingi za vijiji vya mbali, huko Fizi, Kalehe ao Shabunda, ubao wa darasa unagawanywa na mstari wa chaki. Upande mmoja kuna hesabu ya mwaka wa tatu, upande mwingine kuna Kifaransa cha mwaka wa nne. Mwalimu ni mmoja. Akifundisha hawa, wale wanangoja ao wanaandika zoezi, na wenye kumaliza mbele wanaanza kuchezacheza. Mabenchi hayatoshi: watoto wanabanana wane ao watano pale palipotengenezwa kwa wawili ao watatu.

Wazazi wanajiuliza kama mtoto anasoma kweli ao anaenda tu kukaa. Kuna wale wanaosema mtoto wa mwaka wa nne anarudishwa nyuma kwa sababu anasikia kila siku masomo aliyokwisha kupitia. Wengine wanaogopa kinyume chake, kwamba mdogo anapotea katikati ya wakubwa na hathubutu kuinua mkono. Na karibu wote wanalalamikia jambo moja: kaye inarudi nyumbani bila alama hata moja ya biki nyekundu.

Jambo hili la kaye linafaa kuangaliwa kwa karibu, maana si uvivu wa mwalimu. Kama darasa lina watoto mia moja, na kila kaye inaomba dakika mbili, kusahihisha zoezi moja tu kunachukua zaidi ya masaa matatu. Siku ina masomo mengi. Vilevile, somo la nusu saa likigawanywa kwa miaka miwili, kila upande unabaki na dakika kumi na tano, na hapo hatujahesabu wakati wa kunyamazisha watoto.

Ikumbukwe kwamba katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 43, inasema masomo ya msingi ni ya lazima na ya bure katika mashule ya serkali. Lakini ni mwezi wa tisa mwaka 2019 tu ambapo serkali ya rais Félix Tshisekedi ilianza kuyatumikisha kweli masomo ya bure. Watoto waliokuwa wanafukuzwa kwa kukosa prime ya mwalimu walirudi, na wale ambao hawakuwahi kuandikishwa waliletwa na wazazi wao. Hiyo ilikuwa furaha kubwa kwa jamaa maskini, na hakuna mzazi mwenye akili anayetaka kurudi nyuma. Shida ni kwamba watoto waliongezeka haraka kuliko vyumba, kuliko mabenchi na hasa kuliko walimu wenye kulipwa. Hata leo kuna walimu wanaoitwa "nouvelles unités" ambao wanafundisha bila mshahara wa serkali. Mwalimu wa namna hiyo akienda kulima ao kuchimba dhahabu ili alishe watoto wake, direkta anabaki na njia moja: kuweka madarasa mawili pamoja.

Vita na misiba vimeongeza uzito. Huko Minova, mwaka 2024, wakimbizi wa ndani waliotoka Masisi walilala katika mashule. Katika mtaa huohuo wa Kalehe, mafuriko ya tarehe 4 mwezi wa tano 2023 yaliangamiza Bushushu na Nyamukubi.

Hata hivyo, si vizuri kuweka makosa yote kwenye kuchanganya miaka. Nchini Kolombia, tangu miaka ya 1970, mpango unaoitwa Escuela Nueva ulijengwa juu ya madarasa ya namna hiyo ya vijijini, na ukasifiwa mbali. Lakini pale kila mtoto alipewa kitabu cha kumuongoza kutumika mwenyewe, na mwalimu alifunzwa kazi hiyo. Kwetu, mara nyingi mwenye kitabu ni mwalimu peke yake. Kwa hiyo mzazi anayesema darasa lina watu wengi kupita kiasi ana haki zaidi kuliko yule anayelalamika kwamba mtoto wake anakaa na wa mwaka mwingine.

Tena, kuchanganya hakufanani kote. Masomo ya msingi ya Congo yana miaka sita, yenye kugawanyika katika sehemu tatu za miaka miwili miwili. Mwaka wa kwanza na wa pili vinakwenda pamoja, wa tatu na wa nne, kisha wa tano na wa sita. Direkta akiunganisha kwa kufuata sehemu hizo, programu inakaribiana. Lakini akiunganisha wa pili na wa tatu, anagusa pahali pagumu kabisa: ni hapo ambapo mtoto anaacha kufundishwa kwa Kiswahili na kuanza kufundishwa kwa Kifaransa. Mwalimu atasema lugha gani siku hiyo? Hilo ni swali ambalo kamati ya wazazi ina haki ya kumuuliza direkta mwezi wa tisa, kabla mambo hayajakauka.

Matokeo yanaonekana mwishoni mwa mwaka wa sita, wakati wa ENAFEP, mtihani wa serkali wa kumaliza masomo ya msingi. Mtihani hauulizi kama mtoto alisomea katika darasa la watu 40 ao 120. Anapewa karatasi sawasawa na ya mwenzake wa Bukavu aliyesoma kwenye shule la kulipia.

Wenye uwezo kidogo wanahamisha watoto kwenda shule za watu binafsi, ambako malipo yanahesabiwa mara nyingi kwa dola. Wengine wanalipa mwanafunzi wa sekondari wa jirani afundishe mtoto jioni. Mama mwenye kuuza ndizi kando ya barabara hana hiyo njia wala ile. Anachoweza ni kumwambia mtoto asome kwa sauti yale yaliyo ndani ya kaye, hata kama yeye mwenyewe hajui Kifaransa, ili asikie kama mtoto anasoma ao anakariri tu.