Wahamiao Mjini: Mwana Mpotevu au Elimeleki?

Mara nyingi sisi wachungaji, tunapohubiri juu ya vijana wanaohamia mijini, tunafungua Luka 15. Kijana anafananishwa na mwana mpotevu, na mji unafananishwa na nchi ya mbali. Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kwamba mfano huo hautoshi.

Tuchukue Kilimanjaro. Baba aliyerithi kihamba cha migomba na kahawa huwagawia wanawe, nao huwagawia wana wao, hata kipande kinachobaki hakiwezi kulisha nyumba moja. Tena, mwaka 1989 mapatano ya kimataifa yaliyogawa mafungu ya mauzo ya kahawa yalivunjika, na bei ikaanguka. Mwana mpotevu aliondoka akiwa na urithi mkononi. Wengi wa hawa huondoka kwa sababu urithi umekwisha. Ndiyo maana kampeni ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983, iliyowarudisha mashambani watu wasio na kazi, haikuzuia miji kukua. Waliorudishwa walikuta yale yale yaliyowaondoa.

Ruthu 1 inatupa ufunguo mwingine. Elimeleki alihama Bethlehemu kwa sababu ya njaa, na msimulizi hamlaumu. Anataja njaa, kisha anaifuata familia hiyo hadi ugenini.

Sisi wenyewe tulijifunza hayo kwa aibu. Tukihudumu katika usharika mmoja wa mlimani, tulimwambia mama mmoja kwamba mwanawe amepotea. Alijibu kwa upole, "Baba Mchungaji, hajapotea. Sadaka ninayoileta kila Jumapili ni yeye anayeituma."

Je, ni nani basi aliyempoteza mwenzake? Kijana huondoka alfajiri bila kuombewa. Barua ya utambulisho hukumbukwa siku ya ndoa, ya ubatizo wa mtoto au ya maziko. Huko mjini naye huweza kukaa miaka mingi bila kufahamika, kwa kuwa hana namba ya bahasha.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, usharika wa kijijini umwombee anayeondoka mbele ya madhabahu, umpe barua, na kumwandikia mchungaji wa kule aendako. Pili, usharika wa mjini umtafute katika chumba chake cha kupanga kabla ya kumwuliza ahadi yake. Tusipofanya hivyo, tusishangae akipata kwingine watu wa kumwita ndugu.