Achaneni na Maziwa Kabla ya Baa

Ijumaa jioni, duka la dawa mjini Nyeri hugeuka kuwa ofisi ya ushauri wa ulevi. Anayeingia hana homa wala karatasi ya hospitali. Amelipia matembezi ya baa: kundi la marafiki au wafanyakazi wa ofisi moja, matatu ya kukodi, kiongozi mwenye orodha ya vituo, baa nne au tano kutoka Nyeri hadi Karatina, au hadi Nanyuki wakijisikia, na toti ya bure kila wanapoingia. Anaegemea kaunta na kuuliza: "Daktari, ninywe maziwa kiasi gani ndiyo pombe isinishike?"

Mimi ni mfamasia. Kuitwa daktari nimezoea. Swali hilo nimekataa kulizoea. Jibu ni kwamba hakuna kiasi. Ukinywa kikombe au ukinywa ndoo, matokeo ni yale yale.

Imani hii ina sura tatu huku kwetu Mlima Kenya. Ya kwanza ni nusu lita ya maziwa kabla ya kutoka nyumbani, ili tumbo "lipakwe". Ya pili ni maziwa lala ya asubuhi, ya kukata hangova na kumpoteza lengo askari wa trafiki. Ya tatu, na ndiyo hunipandisha hasira, ni maziwa ya kumnywesha mtu aliyekunywa pombe yenye sumu. Najua niko wapi ninaposema haya. Katika kaunti ambayo wafugaji wa Mukurwe-ini wana kiwanda chao wenyewe, kuyasema vibaya maziwa ni kama kumsema mkwe. Basi tuelewane mapema. Yanyweni kwenye chai, wapeni watoto, yanyweni kwa sababu ni matamu. Kwa pombe hayana kazi.

Tumbo halipakwi. Maziwa yakifika humo hukutana na asidi, yakaganda, yakaanza kusagwa na kusukumwa mbele kama chakula kingine chochote. Molekuli ya kileo ni ndogo mno na huchanganyika na maji bila kizuizi, na maziwa yenyewe karibu yote ni maji. Tena sehemu kubwa ya pombe, kama asilimia 80, haiingilii tumboni. Huingia kwenye damu kupitia utumbo mwembamba, mbele kabisa ya pale mnapodhani mmeweka kinga. Hata kama maziwa yangeweza kulipaka tumbo lote, lango lingekuwa bado limeachwa wazi.

Hapo mteja hunijibu kwa ushahidi wake: "Lakini mimi nikinywa maziwa silewi haraka." Ni kweli, na hata ungekula githeri usingelewa haraka, tena githeri ingefanya kazi hiyo vizuri zaidi. Chakula chochote, hasa chenye mafuta na protini, hulichelewesha tumbo kufungua mlango wa chini, kwa hiyo pombe huteremka utumboni polepole na kilele chake kwenye damu hupungua. Nusu lita ya maziwa ni mlo mwepesi, basi msaada wake nao ni mwepesi. Sahani ya ugali, nyama na mboga ingekusaidia zaidi. Ila hayo hayaulizwi, kwa sababu ugali hauna sifa ya dawa.

Sasa tazameni madhara ya huko kuchelewa, maana wanaoyasifu maziwa hawafiki hapa. Aliyekunywa bila kula hufikia kilele cha ulevi ndani ya saa moja hivi baada ya glasi ya mwisho. Aliyejaza tumbo huweza kuchukua saa mbili. Mchukueni kijana aliyetoka baa ya mwisho Karatina saa tano usiku akijisikia mzima, anajisifu kwamba maziwa yamemlinda, anaomba funguo za gari la rafiki. Damu yake bado inapanda. Atakuwa amelewa zaidi akifika Marua kuliko alivyokuwa akiaga mlangoni, na barabara ile ya Kenol, Sagana hadi Marua ilivyopanuliwa, atafika Marua kwa kasi. Maziwa hayakupunguza hata tone moja la alichokunywa. Yalimfichia ulevi wake hadi alipokaa nyuma ya usukani.

Na Alcoblow, kile kifaa cha polisi cha kupima pumzi? Tangu kifaa hicho kianze kutumika barabarani mwishoni mwa 2013 nimeulizwa kuhusu maziwa lala, vitunguu, karafuu, peremende za mnanaa, kahawa nyeusi na, siku moja, dawa ya meno iliyomezwa. Kifaa hakinusi kinywa. Kinapima hewa inayotoka chini kabisa mapafuni, ambako damu na pumzi hupokezana kileo kwa uwiano unaojulikana. Ili kukidanganya kwa maziwa ungelazimika kuyatia maziwa kwenye damu, na hilo tafadhali msilijaribu. Kahawa nayo hukuamsha tu: unabaki mlevi yule yule, sasa ukiwa macho.

Kinachoondoa pombe mwilini ni ini, na ini lina mwendo wake. Kwa watu wengi kiwango kwenye damu hushuka kwa miligramu 15 hivi katika kila mililita 100 kwa saa, wengine kidogo zaidi, wengine kidogo chini. Ini halihimizwi na maziwa, supu, limau, kuoga maji baridi wala kucheza muziki hadi utoke jasho. Chukueni hesabu ya matembezi yenyewe. Bia ya mililita 500 yenye kileo cha asilimia 4.2, kama Tusker, ina gramu 16 na kitu za kileo. Toti ya mililita 30 yenye asilimia 40 ina karibu gramu 9 na nusu. Vituo vitano, bia moja na toti moja kila kituo, tayari ni gramu 130. Kwa mwanamume wa kilo 70 aliyeanza saa kumi na moja jioni, kufikia saa tano usiku damu yake ina takriban miligramu 175 katika mililita 100, na kiwango cha sheria ni 80. Atashuka chini ya 80 kunako saa kumi na moja na ushee alfajiri. Atakuwa mweupe kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Mwanamke mwenye uzito ule ule, kwa kuwa kwa kawaida mwili wake una maji machache zaidi, atachelewa kuliko hapo. Na aliyeongeza robo moja ya pombe kali njiani ameongeza gramu karibu 80, yaani saa nyingine kumi hivi. Watu wanaoniambia "nimelala, nimeoga, niko sawa" saa moja asubuhi wameoga tu.

Sheria nayo, kwa nia njema, imewaharakisha wanywaji. Ile ya mwaka 2010, ambayo wengi huiita sheria ya Mututho, iliruhusu baa za kawaida kuuza kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na kuanzia saa nane mchana wikendi na sikukuu. Kiongozi wa matembezi mwenye vituo vitano na saa sita mkononi huwasukuma watu: kunywa, maliza, twende. Ini haliijui ratiba hiyo. Ni kasi hiyo, wala si mapungufu ya maziwa, inayowaangusha watu kituo cha nne. Jiji la Prague, lililojaa wageni wa aina hii, lilichoka nao mwaka 2024 likapiga marufuku matembezi ya baa ya kuongozwa kati ya saa nne usiku na saa kumi na mbili asubuhi.

Lakini ulevi wa kawaida hauninyimi usingizi. Kinachoninyima ni ile toti ya bure, ambayo imemiminwa kutoka chupa usiyoiona, na yale maziwa ya asubuhi inayofuata.

Mei 2014 makumi ya watu walikufa ndani ya siku chache Embu, Murang'a, Kiambu na kaunti za jirani baada ya kunywa pombe yenye methanoli. Februari 2024, kijijini Kangai, Kirinyaga, watu 17 walikufa na wengine wakapoteza macho. Kama mnadhani haya ni mambo ya vijijini na ya maskini, Novemba mwaka huo huo watalii sita walikufa Vang Vieng, Laos, mji ambao biashara yake ni kuwastarehesha vijana wanaosafiri, na pombe ya bure ilikuwa sehemu ya habari hiyo. Pombe ya bure inamlipa mtu fulani. Ulizeni ni nani, na alipunguza gharama wapi.

Methanoli ina ladha na ulevi unaokaribiana na wa pombe halali. Yenyewe haina ubaya mkubwa hadi ini liiguse. Ini huigeuza kuwa fomaldehidi, kisha asidi ya fomiki, na hiyo asidi ndiyo huua neva ya jicho na kuichafua damu. Mabadiliko hayo huchukua muda. Mara nyingi saa 12 hadi 24 hupita mtu akiwa hana dalili nyingine ila za hangova, na kama alichanganya na pombe ya kawaida, kama wafanyavyo watu wa matembezi, muda huo hurefuka, kwa sababu ini hushughulika kwanza na ethanoli. Kisha kichwa kinapasuka, tumbo linakata, anatapika, anapumua haraka kama aliyepanda mlima mbio, na anaona ukungu mweupe mbele ya macho.

Hapo ndipo mama, au shangazi, au mwenye ploti huleta kikombe cha maziwa "yakate sumu". Methanoli huwa imemaliza kuingia kwenye damu ndani ya saa moja au mbili za kunywa. Maziwa ya kesho yake mchana yanaenda kukata nini? Tumboni hamna kitu. Sumu iko kwenye damu na inatengenezewa ndani ya ini. Mgonjwa aliyelegea huweza kuyatapika maziwa hayo yakaingia mapafuni, ukawa msiba wa pili. Na hata yakikaa, familia husubiri yafanye kazi: saa moja, saa tatu, usiku mzima. Saa hizo ndizo za macho yake. Hospitalini kuna vitu vinavyofanya kazi kweli: fomepizoli ikipatikana, au ethanoli inayotolewa kwa kipimo ili kulizuia ini lisiigeuze methanoli, bikaboneti ya kupunguza asidi, na mashine ya kusafisha damu. Kabla hamjanikatiza: ndiyo, ethanoli ni pombe, na hapana, hiyo si ruhusa ya kumwongezea mgonjwa robo nyingine nyumbani. Hamjui kipimo, na hamjui kilichomo kwenye hiyo robo.

Wajuaji wa kiberiti, wanaoiwasha pombe ili kujua kama ina sumu, nao wakae chini. Pombe yenye methanoli huwaka bluu, na isiyo nayo huwaka bluu. Moto unaonyesha ukali wa kinywaji, hauonyeshi sumu.

Kwa wanaokwenda hata hivyo, haya hapa haraka haraka, maana duka linafungwa. Kuleni chakula cha kweli kabla ya kituo cha kwanza, si andazi na maziwa. Kinywaji kifunguliwe mbele yenu. Toti ya bure muachieni aliyeileta. Stempu ya ushuru ikaguliwe kwa programu ya KRA iitwayo Soma Label, na bei ya chini kupita kiasi ichukuliwe kama onyo. Maji glasi moja kwa kila kinywaji. Dereva awe hajaonja, alipwe na kundi zima, na funguo zikae kwake tangu mwanzo. Panadol kabla ya pombe kwa kujikinga, hapana. Brufen juu ya tumbo lililochomwa na pombe, hapana. Flagyl na pombe, hapana kabisa. Pombe haipashi mwili joto: hufungua mishipa ya ngozi na joto likatoka, na usiku wa Julai Nanyuki, mita 1,900 hivi juu ya bahari, si wa kumwacha mtu alale nje ya baa. Aliyezimia alazwe ubavu, akae na mtu mwenye fahamu zake, asinyweshwe chochote. Asiyeamshika, au anayepumua kwa kusitasita, apelekwe hospitali usiku huo huo. Anayeona kwamba matembezi haya yamekuwa ya kila wiki apige 1192, nambari ya NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi, bila malipo.

Na mtu akiamka kesho yake akisema haoni vizuri, msimpe kitu, msimlaze apumzike, msiniletee mimi dukani. Nendeni hospitali ya rufaa ya kaunti iliyo karibu, semeni wazi alikunywa nini na saa ngapi, na mbebe chupa hata ikiwa tupu. Kisha mpigieni simu kila aliyekunywa naye, hata yule anayejisikia mzima.