Fahamu: Mkojo hausemi nani amelewa bangi

Butembo na Beni ziko chini ya sheria ya Kongo inayokataza bangi, lakini swali linalosumbua nchi zilizoiruhusu linamhusu pia motari anayepakia abiria wawili kwenye barabara ya taifa nambari 2: utajuaje kwamba amelewa sasa hivi? Kwa pombe, iwe bia au kasiksi, jibu ni rahisi, maana pumzi huonyesha kiasi kilichomo katika damu. Bangi haiko hivyo. Kiini chake, THC, hujificha katika mafuta ya mwili, na mabaki yake hutoka kwenye mkojo kwa siku kadhaa, hata wiki kadhaa kwa mvutaji wa kila siku, wakati ulevi wenyewe huisha baada ya saa chache. Mkojo basi unaeleza alichovuta mtu, si hali yake akishika usukani.

Ndiyo maana Ujerumani, ilipohalalisha bangi mwaka 2024, iliweka kikomo cha THC kwenye damu: nanogramu 3.5 kwa mililita ya seramu. Atasema mtu: kwetu bangi ni kosa, mkojo unatosha. Labda kwa kushtaki uvutaji. Hautoshi kueleza ajali; kwa hilo inabidi kupima hali ya dereva papo hapo, kwa mfano kumtembeza juu ya mstari ulionyooka. Wengine watahofia kwamba kipimo hicho ni kuwapa polisi wa rulaji mlango mwingine wa kudai pesa. Hofu ya haki kabisa. Lakini kipimo cha hadharani, mbele ya kiongozi wa chama cha motari, ni kigumu kuuzwa kuliko kikopo cha mkojo kinachopelekwa nyuma ya pazia.