MBONA KIJITI CHA JINO LANGU KILITOKA?

Leo tutazungumza juu ya jino lililotibiwa mzizi, na hasa juu ya simiti inayoshika kijiti ndani ya mzizi huo. Kaa karibu na redio yako, kwa maana jambo hili linagusa kinywa chako na pia mfuko wako.

Tuanze na jino lenyewe. Juu lina gamba gumu jeupe liitwalo enameli. Chini ya enameli kuna dentini, ambayo inafanana na mfupa lakini ina mirija midogo sana, maelfu kwa maelfu, isiyoonekana kwa macho. Katikati kabisa mna nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu. Jino likioza hadi kufika kwenye nyama hiyo, ndipo usiku haulaliki.

Hapo kuna njia mbili. Ya kwanza ni kung'oa. Ya pili ni kutibu mfereji wa mzizi, matibabu ambayo wengi wetu tunayaita ruti kanali. Daktari anakudunga ganzi, anatoa ile nyama iliyoharibika, anaosha mfereji kwa dawa, kisha anauziba kwa gutapacha, kitu kinachotokana na utomvu wa mti. Jino lako linabaki kinywani.

Lakini jino lililofika hatua hiyo mara nyingi limebaki kigae tu. Hakuna mahali pa kushikiza kofia. Kwa hiyo daktari hutoa gutapacha ya sehemu ya juu, akiacha kama milimita 4 au 5 za kuziba ncha ya mzizi. Kisha huingiza kijiti cha chuma au cha nyuzi za kioo, anajenga jino juu yake na kulivika kofia. Kijiti hicho hushikwa na simiti, na siku hizi mara nyingi ni simiti ya resini.

Sasa linakuja swali tunaloulizwa sana sisi wauguzi: "Sista, nilikuwa nakula githeri, jino likatoka pamoja na kijiti chake. Je, nililiwa pesa bure?"

Jibu si la ndiyo au la. Ili ulielewe, mfikirie fundi wa baiskeli. Tyubu ikitoboka, fundi hapaki solusheni papo hapo. Kwanza anakwaruza mpira kwa msasa, anaufuta vumbi, anahakikisha umekauka, anapaka, anangoja kidogo, ndipo anabandika kiraka na kukigandamiza. Akibandika penye vumbi, mafuta au maji, utafika kona ya pili kiraka kimeachia. Simiti ya resini ni vivyo hivyo. Nguvu yake hutegemea sana jinsi ukuta ulivyotayarishwa.

Tena ndani ya mzizi kazi ni ngumu kuliko kwenye tyubu. Kuna mambo manne yanayoisumbua simiti hiyo.

La kwanza ni uchafu. Daktari anapokwangua mfereji, unabaki utando wa vumbi la dentini na mabaki ya gutapacha. Utando huo huziba ile mirija midogo niliyoitaja. Resini inahitaji kupenya kwenye dentini safi ili ishike. Ndiyo maana daktari huosha tena kabla ya kupaka simiti.

La pili ni dawa zenyewe. Dawa inayotumika sana kuosha mfereji ni sodiamu haipokloraiti, ambayo ndiyo hiyo iliyo ndani ya jiki ya kufulia. Inaua viini vizuri, lakini huacha oksijeni kwenye dentini, na oksijeni huizuia resini isikauke sawasawa. Kwa hiyo isitumike kisha simiti ikapakwa mara moja. (Na tafadhali, usijaribu kusukutua na jiki nyumbani. Itakuunguza kinywa.) Mafuta ya karafuu nayo yana yujenoli. Yanatuliza maumivu, na yamo katika baadhi ya dawa za kuziba jino kwa muda, lakini mabaki yake yanaweza pia kuizuia resini kukauka.

La tatu ni unyevu. Mate na damu zikiingia, simiti haishiki. Ndiyo maana madaktari wengi hufunika kinywa kwa kipande cha mpira mwembamba na kukausha mfereji kwa vijiti vidogo vya karatasi.

La nne ni giza na kubanwa. Simiti nyingine hukaushwa kwa taa ya bluu, lakini mwanga haufiki vizuri chini ya mzizi. Kwa hiyo hutumika simiti inayokauka kwa mwanga na pia yenyewe kwa yenyewe. Isitoshe, resini inapokauka hunywea kidogo. Katika jino la kujazwa kawaida ina upande ulio wazi wa kunywelea. Ndani ya mzizi, eneo lililoshikana na ukuta linaweza kuzidi mara 200 eneo lililo wazi. Simiti ikinywea inavutana na kuta pande zote, na mahali palipo dhaifu huachia.

Watafiti hupima mambo haya kwa meno yaliyokwisha kung'olewa. Wanabandika kijiti, wanakata mzizi vipande vyembamba kama vya milimita 1, kisha wanasukuma kijiti kwa mashine hadi kitoke. Tafiti nyingi, ingawa si zote, zimeonyesha kwamba simiti hushika vizuri zaidi karibu na ufizi kuliko chini kwenye ncha, kwa sababu chini mirija ni michache na kusafisha ni vigumu.

Msikilizaji, hapa ndipo pana jambo kubwa la leo. Usitegemee simiti peke yake. Kijiti hakiongezi jino nguvu. Kazi yake ni kushikilia kile kilichojengwa juu. Kinacholinda kofia zaidi ni jino lako mwenyewe lililobaki juu ya ufizi. Likibaki kama milimita 2 kuzunguka pande zote, kofia hulikumbatia na mzigo wa kutafuna hauishii kwenye simiti. Kila mwezi unaoahirisha, kuoza kunakula milimita hizo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Na kijiti kikitoka, si lazima jino liwe limekwisha. Kijiti cha nyuzi kikiachia, mara nyingi mzizi huwa mzima, na daktari anaweza kusafisha na kukibandika upya. Balaa ni mzizi kupasuka kutoka juu hadi chini. Hapo kwa kawaida hakuna dawa ila kung'oa.

Basi wewe ufanye nini?

Kwanza, maliza matibabu. Wengi maumivu yakiisha hawarudi. Dawa ya kuziba kwa muda haikuwekwa ikae miezi. Inavuja, mate yenye viini yanaingia, na ile kazi yote inaharibika.

Pili, mwambie daktari ulichoweka kwenye jino: karafuu, tumbaku, kitu chochote. Usione haya. Asipojua hawezi kukisafisha ipasavyo.

Tatu, uliza maswali. "Jino langu limebaki kiasi gani juu ya ufizi? Utatumia kijiti cha aina gani? Kofia nitawekewa lini, na gharama yote ni kiasi gani?" Ukijua gharama yote mapema, hutakwama katikati. Na kama jino halina pa kushikiza kofia, ni afadhali uambiwe kabla hujalipa.

Nne, hakikisha anayekutibu ameandikishwa na baraza la madaktari na madaktari wa meno la Kenya. Ni haki yako kuuliza.

Tano, usitafunie upande huo mpaka uruhusiwe. Simiti huendelea kukomaa kwa saa nyingi baada ya kutoka klinikini.

Na kijiti kikitoka, usikibandike kwa gundi ya dukani. Gundi hiyo haikutengenezwa kwa ajili ya kinywa. Itafungia viini ndani, kofia itakaa upande, na daktari atapata taabu kuisafisha. Weka kijiti na kofia katika chombo safi, piga mswaki hapo polepole, na uende kliniki siku hiyo hiyo au kesho yake. Ukiona uso umevimba, una homa, au unashindwa kumeza au kufungua kinywa, usingoje asubuhi. Nenda hospitali mara moja, kwa sababu maambukizi ya jino yanaweza kusambaa na kuua.

Mwisho, simiti iliyo bora kabisa haiwezi kushinda dentini uliyozaliwa nayo. Piga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi, punguza sukari, na jino likianza kuguna kwa maji baridi, lionyeshe daktari lingali tundu dogo la kujazwa siku moja. Kinga ni bora kuliko tiba.

Mweleze na jirani yako ambaye dawa ya muda imekaa kinywani tangu mwaka jana.