Huzuni ya Kijana na Lugha ya Nyumbani

Katika madrasa yetu huku Hanang alikuwako kijana wa miaka 14, mwepesi wa kuhifadhi, mcheshi kwa wenzake. Baada ya maporomoko ya matope ya Mlima Hanang, yaliyoishukia Katesh tarehe 3 Desemba 2023 na kuua watu zaidi ya 80, alibadilika. Alisinzia darasani, akayasahau aliyokwisha kuyahifadhi, akajitenga. Sisi tulimwita mvivu. Tukimwuliza kwa Kiswahili, "U mzima?" hujibu, "Mzima, mwalimu." Siku moja bibi yake alimwuliza kwa Kiiraqw, naye akalia, akasema halali usiku wala haoni faida ya kuishi. Tulitahayari sana.

Maradhi hayo madaktari huyaita sonona. Si uvivu, wala si uchache wa imani. Nabii Yaaqub (a.s.) alimhuzunikia mwanawe Yusuf hata macho yake yakawa meupe, naye ni Mtume wa Mwenyezi Mungu. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba katika kila vijana saba wa miaka 10 hata 19, mmoja ana maradhi ya akili, na wengi wao hawatambuliwi.

Iko njia ya kuyatambua mapema. Mwaka 2001 wataalamu watatu wa Marekani, Kroenke, Spitzer na Williams, walitangaza maswali tisa yaitwayo PHQ-9. Mtu huulizwa habari za majuma mawili yaliyopita: raha yake, huzuni, usingizi, uchovu, chakula, kujilaumu, kutotulia kwa fikra, uzito au wasiwasi wa mwili, na mwisho kutamani kufa. Kila jawabu lina alama, tangu 0 hata 3, na jumla ni 27. Afikaye 10 yafaa aonane na mganga. Kwani maswali haya hupepeta tu, hayahukumu.

Lakini yaulizwe kwa lugha gani? Katika Mbulu na Hanang watoto wengi wamelelewa kwa Kiiraqw au Kidatooga, nazo si lugha za Kibantu kama Kiswahili. Kufasiri neno kwa neno hakutoshi. Hufaa mmoja afasiri, mwingine asiyeyaona maswali ya asili ayarudishe katika Kiswahili, kisha yalinganishwe. Halafu vijana wachache waulizwe wameelewa nini. Mtoto huenda akalijua neno la Kiswahili la mtihani, asilijue la maumivu yake.

Wako wazazi wachao kwamba kuuliza juu ya kufa kutampandikizia mtoto fikra hiyo. Utafiti haukuonyesha hivyo. Bali wengi hupata nafuu kwa kuulizwa. Ila aulizwe faraghani, siri yake itunzwe, na akijibu ndiyo, asiachwe peke yake hata saa moja: apelekwe hospitali siku ile ile.

Kijana wetu alipelekwa, na kwa rehema ya Mwenyezi Mungu amerudi kuhifadhi. Basi enyi wazazi, na sisi walimu pamoja nanyi, mtoto akinyamaza tusitangulize fimbo. Tumketishe karibu, tumwulize kwa lugha aliyofundishwa na mama yake, kisha tunyamaze tumsikilize.