Nyoka Mchanga na Chakula Kipya

Katika mtaa wa Buluo, mjini Likasi, kama mahali pengi pa Katanga, yuko nyoka wa kahawia aitwaye nyoka wa nyumba. Kila upande wa kichwa chake una mistari miwili ya rangi nyeupe-nyeupe. Hana sumu. Hupenda kukaa karibu na makao ya watu kwa sababu huko hupata panya. Panya huharibu unga na mahindi. Basi nyoka huyu ni mlinzi wa ghala, ingawa watu wengi humpiga mara wamwonapo.

Jike hutaga mayai kama 10, kisha huyaacha. Baada ya miezi miwili hivi watoto hutoka. Kila mmoja ana urefu wa sentimeta 20 hivi, naye ni mwembamba kama penseli. Hanyonyi, wala mama hamletei chakula. Lakini Mungu Muumba amempa kila mnyama njia ya kujipatia riziki. Kinywa cha nyoka mchanga ni kidogo, hakitoshi kumeza panya mkubwa. Kwa hiyo hukamata mijusi midogo. Akikua ndipo huwinda panya.

Wafugaji wa nyoka huona shida hapo. Kukamata mijusi kila juma ni kazi ngumu, tena mijusi wa porini huwa na minyoo. Panya hufugwa kwa urahisi na huzaa upesi. Lakini nyoka mchanga akipewa kitoto cha panya, pengine hukikataa. Asipokula kwa muda mrefu, hukonda na kufa. Kwa nini hukataa chakula kizuri kilicho mbele yake?

Nyoka hatambui chakula kwa macho tu. Akitoa ulimi wake wenye ncha mbili, huokota harufu iliyo hewani na chini. Kisha ulimi huipeleka harufu hiyo ndani ya kinywa, na juu ya kinywa kuna matundu mawili madogo yanayoipokea. Mganga mmoja wa Denmark, Ludvig Jacobson, alieleza kiungo hicho cha wanyama mwaka 1813. Nyoka mchanga anajua harufu ya mjusi. Harufu ya panya haijui bado.

Basi mfugaji mwenye akili hufanya hivi. Kwanza, humweka nyoka mahali penye joto na utulivu, pamoja na maji na kitu cha kujifichia, wala hamshiki siku kadhaa. Pili, huchukua kitoto cha panya kilichokufa, kisichozidi unene wa nyoka mwenyewe. Hukiosha kwa maji ili harufu yake ipungue, hukikausha, kisha hukisugua juu ya mwili wa mjusi. Mjusi huachiliwa aende zake. Tatu, jioni hukipasha kitoto cha panya joto kidogo na kukiweka karibu na maficho, maana nyoka huyu huwinda usiku. Kisha huondoka.

Asubuhi hutazama. Kama chakula kipo, hukitupa na kungoja siku tano au sita kabla ya kujaribu tena. Kama kimeliwa, hamshiki nyoka siku mbili, asije akatapika. Safari nyingine husugua kidogo zaidi, na baadaye kidogo zaidi tena, mpaka nyoka ale panya asiye na harufu ya mjusi. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini uti wa mgongo wa nyoka ukianza kuonekana kwa kukonda, mfugaji humrudishia mjusi kwanza apate nguvu. Kumsukumia chakula kinywani kwa nguvu huweza kumjeruhi.

Kazi hii ina faida kubwa. Huko Watamu, pwani ya Kenya, James Ashe na mkewe Sanda walianzisha shamba la nyoka mwaka 1980. Katika mashamba ya namna hiyo nyoka wenye sumu hutunzwa na kulishwa, na sumu yao hukamuliwa ili dawa itengenezwe. Dawa hiyo ilivumbuliwa Ufaransa mwaka 1894. Bado inahitajiwa sana. Shirika la Afya Ulimwenguni lasema kwamba kila mwaka watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa duniani kwa kuumwa na nyoka. Nyoka asiyekula hatoi sumu ya kutosha, na pasipo sumu hakuna dawa.

Lakini mtoto asiokote nyoka yeyote. Katanga yuko nyoka mwingine mdogo, mweusi-mweusi, akaaye chini ya udongo. Meno yake hutokea kando ya kinywa, hata mtu amshikaye nyuma ya kichwa huchomwa. Huyo ana sumu. Mtoto akimwona nyoka, arudi nyuma polepole na kumwita mkubwa. Na mtu aumwapo, asichanjwe wala asifungwe kamba: atulizwe, asitembee, apelekwe hospitali upesi.

Maswali
1. Kwa nini nyoka mchanga hula mijusi kwanza?
2. Nyoka huutumia ulimi wake kwa kazi gani?
3. Mfugaji hufanya nini nyoka akikonda?
4. Mtoto afanye nini akimwona nyoka?