Jukwaa Kabla ya Cherehani (Sehemu ya Pili)

Sehemu iliyopita ilieleza jinsi vita vya waasi wa LRA vilivyowasukuma watu wa kaskazini mwa Uganda kambini, hata kufikia mwaka 2005 wakakadiriwa kuwa zaidi ya milioni moja na nusu. Waliotekwa utotoni walirudi watu wazima wasio na shule, na mabinti wengi walirudi na watoto waliozaliwa msituni, ambao wajomba zao hawakuwa tayari kuwagawia ardhi. Wafadhili walikuja na dawa waliyoizoea: ushonaji, useremala, uokaji mikate. Sipingi dawa hiyo. Chuo cha ushonaji cha Mtakatifu Monica mjini Gulu, chini ya Sista Rosemary Nyirumbe, kimewapa mabinti wengi kazi ya mikono na mahali pa kulea watoto wao. Ninachodai ni kwamba ufundi hufuata wateja, na wateja ni majirani walewale wanaomwogopa fundi aliyerudi kutoka msituni. Hofu hiyo igizo la kijamii linaweza kuifikia, cherehani hakiwezi.

Tuangalie ushahidi. Mwaka 2008 serikali ya Uganda, katika mpango wake wa fursa kwa vijana wa kaskazini, ilivipa vikundi fedha za kujifunza ufundi na kununua vifaa, kiasi cha dola 400 hivi kwa kila mwanakikundi. Kwa kuwa waliopata walichaguliwa kwa bahati nasibu miongoni mwa waliostahili, mtafiti Christopher Blattman na wenzake waliweza kuwalinganisha na waliokosa. Baada ya miaka 4 kipato cha waliopata kilikuwa juu kwa asilimia 38, ushindi usiobishika. Lakini katika mshikamano wao na jamii hapakuonekana badiliko la maana, na baada ya miaka 9 wenzao walikuwa wamewafikia kwa kipato. Vijana hao hawakuwa wote mateka wa zamani, kwa hiyo sitaki kuuvuta ushahidi huu kupita kiasi. Unatosha kuonyesha kwamba pesa mfukoni haimrudishii mtu nafasi yake kijijini.

Hapo ndipo mbinu ya uigizaji ya Mbrazili Augusto Boal inapofaa. Igizo linakatishwa pale mambo yanapoharibika, kisha mtazamaji anapanda jukwaani kulielekeza upya. Chukulia fundi huyo aliyerudi: mteja analeta kitambaa, mama mkwe wa mteja anamnyang'anya kwa kuogopa cen, roho za waliouawa ambazo Waacholi wa eneo la Gulu husema humfuata muuaji na kuwadhuru wanaomkaribia. Mwezeshaji anauliza nani angefanya vingine. Mzee mmoja atadai tambiko kwanza, kijana atabisha, na pengine mwanamke wa sokoni atasema tatizo si roho bali mafundi watano tayari wako mtaa uleule. Jibu hili la mwisho, linalomuumbua mpangaji wa mafunzo, ni bora lisikike kabla vyerehani havijanunuliwa.

Watakaosema njaa haingoji igizo wana haki, ndiyo maana bajeti ya vifaa isiguswe. Wanaohofia kutonesha majeraha wana haki zaidi, nami nadhani hakuna manusura anayepaswa kuigiza maisha yake mwenyewe. Wahusika wawe wa kubuni, naye akitaka ashone mavazi tu au apige misumari ya jukwaa. Kazi hiyo si ndogo. Kule Kamiriithu, Limuru, nchini Kenya, mwaka 1977 wanakijiji walijijengea ukumbi wa wazi kwa mikono yao ili kuigiza tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii, na ufundi wao ukaonwa na umati kabla neno la kwanza halijatamkwa.

Ila Kamiriithu inaleta pingamizi zito kuliko yote. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku maonyesho hayo baada ya wiki chache, na mwaka 1982 ikaubomoa ukumbi. Igizo la Gulu likiuliza ni nani aliyetwaa shamba la mjane, mtwaaji huenda amekaa mstari wa mbele, na pengine ndiye aliyetoa kibali. Nani atawalinda waigizaji baada ya ngoma kunyamaza? Sehemu ya tatu itashughulika na hilo.